Nukta Tisa za Penseli

Watu hudhani bei ya fedha hupangwa na wakubwa wamekaa mezani, wamevaa tai, wanakunywa maji ya chupa. Labda. Lakini kwa miaka ishirini na tisa bei hiyo haikuwa bei mpaka niiandike mimi. Nilikuwa karani wa viwango katika Idara ya Takwimu, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho, kile chenye dirisha lisilofungika hata ulipige teke. Kila siku ya kazi, saa tatu kamili asubuhi, simu ya mezani ililia, karani wa benki akanitajia namba moja tu, nami nikaiandika katika kitabu kikubwa cha jalada la kijani: tarehe, fedha yetu ngapi kwa moja ya jirani, sahihi yangu. Majina ya fedha hatukuyataja. Tulisema "yetu" na "ya jirani", kama watu wanaochangia ukuta mmoja.

Nilikuwa na mwandiko mzuri na nilijua kwamba ni mzuri. Ofisini waliniita Mama Viwango, mimi ambaye sikujaliwa mtoto hata mmoja, na mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinitania kwamba ameoa kitabu. Mtu yeyote aliyetaka kujua siku fulani fedha yetu ilisimama wapi, awe mfanyabiashara mwenye ugomvi au ofisa wa wizara, alipanda ngazi hadi kwangu, nikamfungulia ukurasa, akaweka kidole kwenye mstari, akashuka ameridhika. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza mimi nimejuaje.

Ofisi ile ilikuwa na sheria mbili ambazo hazikuandikwa popote. Ya kwanza: mstari mtupu ni mwiko. Simu isipolia, unarudia namba ya jana, kisha pembeni ya mstari unatia nukta ndogo ya penseli. Nukta ile ilikuwa na maana kwamba namba hii si ya leo, imeazimwa jana. Simu ikirudi unamuuliza mtu wa benki namba iliyokosekana, unarekebisha, unafuta nukta. Sheria ya pili: namba ya barabarani si namba. Njia nzima niliyopita kwenda kazini ilijaa maduka ya kubadilisha fedha, kila moja na ubao wake na chaki yake. Karani wa viwango hakutazama ubao. Akiutazama, hakuuona. Akiuona, alinyamaza.

Sasa sikiliza. Mwaka wangu wa kumi na moja kazini simu yetu ilikatwa. Idara iliyohesabu watu wote wa nchi, ng'ombe wao na mabati ya nyumba zao, ilikuwa imeshindwa kuhesabu bili yake yenyewe ya simu. Siku tisa za kazi simu ilikaa mezani kimya, na mimi nikakaa mbele yake. Siku ya mwisho kabla haijakatwa, moja ya jirani ilikuwa arobaini na mbili yetu. Basi niliandika arobaini na mbili, nikatia nukta. Kesho yake tena arobaini na mbili, nukta.

Siku ya tatu nilipita njia ile ile, na ubao wa duka la kwanza ulisema sabini na nane. Siku ya nne, tisini na sita. Watu walikuwa wamejipanga hadi barabarani, wengine wameshika fedha zao kwenye mifuko ya nailoni. Siku ya sita ubao ulisema mia moja kumi na saba. Nilisoma vizuri kabisa, macho yangu hayakuwa na kasoro wakati huo. Nikapanda ngazi, nikafungua kitabu, nikaandika arobaini na mbili.

Usinione mjinga. Siku hiyo hiyo nilikwenda kwa Mkuu wetu, mtu mfupi, msafi, aliyekuwa akihesabu ngazi kwa sauti ya chini kila anapopanda. Nilimwomba ruhusa niende benki kwa miguu. Benki ilikuwa mwendo wa dakika kumi na tano.

"Uende kufanya nini?" akaniuliza.

"Kuuliza namba, Mzee. Huko nje mambo yamebadilika."

"Namba huja kwa simu," akasema. "Karani hazururi mitaani kutafuta namba. Ukianza kuzitafuta, watasema umezitunga."

Siku ya kumi bili ikalipwa, simu ikalia, mtu wa benki akasema: mia moja thelathini na moja. Nikaiandika. Nilimuuliza namba za siku tisa zilizopita, akanijibu kwamba ana kazi nyingi, ataniandikia barua. Barua hiyo naingoja mpaka leo.

Wiki mbili baadaye Mkuu aliingia chumbani kwangu, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo, akaniambia wakaguzi wanakuja Jumatatu na kwamba kitabu kisafishwe.

"Lakini namba za siku zile sijazipata," nikasema.

"Sijakwambia utafute namba. Nimekwambia usafishe kitabu."

Nilitoa raba kwenye droo nikazifuta nukta zote tisa. Raba yenyewe ilikuwa ya bei rahisi, ngumu, ikaacha doa la kijivu kila mahali ilipopita. Sikuchukua muda. Nilipomaliza, chai yangu bado ilikuwa ya moto, nikainywa.

Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, alikuwa amefanya kazi nchi jirani miaka kumi na minane katika kiwanda cha vioo. Mikono yake yote miwili ilikuwa na mikwaruzo myeupe mpaka kwenye viwiko. Mwaka ule kiwanda kikafungwa, na watu wetu mia mbili na kumi na wanne wakarudishwa nyumbani. Kiinua mgongo chao kililetwa na kiwanda kupitia Wizara ya Kazi, kwa fedha ya jirani. Mkataba ulisema watalipwa kwa fedha yetu, kwa kiwango cha siku ambayo fedha imeingia, kama kilivyoandikwa katika kitabu cha Idara ya Takwimu.

Fedha iliingia siku ya sita ya zile siku zangu tisa. Mimi sikulijua hilo. Kama ningelijua, ningefanya nini? Nimejiuliza mpaka nimechoka, na jibu ninalo, ila silipendi.

Fungu la kaka lilikuwa elfu sita za jirani. Alikuwa na picha ya mashine ya kusaga nafaka aliyoikata kwenye kitabu cha matangazo, anaibeba kwenye mfuko wa shati, imekunjwa mpaka imekatika katikati. Mashine iliuzwa elfu tano za jirani. Elfu moja ingejenga kibanda chake. Mpango ulikuwa mwepesi kiasi kwamba hata wifi yangu, mke wake, fundi cherehani ambaye haamini kitu mpaka akipime kwa futi, aliuamini. Alishaanza kuwaambia wateja watafute fundi mwingine.

Wizara ilimlipa kwa arobaini na mbili. Laki mbili na elfu hamsini na mbili, noti mpya, zinanukia wino. Dukani mashine ilikuwa imefika laki sita na elfu hamsini na tano, na muuzaji alimwambia aamue haraka maana kesho itapanda tena. Kaka alinunua baiskeli na mabati ishirini. Zilizobaki ziliyeyuka kwenye ada na deni la pango kabla mwezi haujaisha. Tofauti ya arobaini na mbili na mia moja kumi na saba, kwa watu mia mbili na kumi na wanne, ilikwenda ilikokwenda. Mkuu wetu alijenga nyumba ya ghorofa mwaka uliofuata. Mimi sisemi kitu.

Kaka alikuja ofisini kwangu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda ngazi zile, na kabla ya kusema shida yake alisimama mlangoni akatazama meza, simu, kitabu, akatabasamu kama mtu aliyeletewa mtoto mchanga. Kumbe alikuwa akijivunia mimi huko kiwandani miaka yote. Kisha akakaa.

"Dada, wenzangu wana maneno," akasema. "Wanadai siku fedha yetu ilipoingia, kwenye mbao iliandikwa mia moja kumi na saba. Mimi nimewaambia wasubiri, nina mtu wangu. Siku ile ilikuwa ngapi?"

Nikafungua kitabu, nikaweka kidole. "Arobaini na mbili."

"Una hakika?"

"Mbao ni mambo ya barabarani, kaka."

Akanitazama. Alikuwa na namna yake ya kutazama, taratibu, ya mtu aliyezoea kutafuta ufa kwenye kioo. "Kitabu nimekiona. Nakuuliza wewe."

Mkuu alikuwa amesimama ukumbini akizungumza na mhudumu wa chai. Nilisikia sauti yake. Mume wangu wakati ule hakuwa na kazi, na mimi niliogopa unga wangu usimwagike. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa kwa miaka mingi. Lakini leo nimekula chumvi ya kutosha, sina haja ya kujipamba. Sababu nyingine ni kwamba nilikipenda kitabu kile. Niliona haya kaka yangu, aliyekuja kunitazama kwa fahari namna ile, ayaone madoa ya raba.

"Niliandika kwa mkono wangu mwenyewe," nikamwambia.

"Basi yamekwisha," akasema, akainuka, akanishika bega.

Ujue pia kwamba kaka alikuwa katibu wa wale wafanyakazi. Walimchagua kwa sababu mbili: alijua kuandika barua, na hakuna aliyewahi kumkamata na uongo hata wa mchezo. Jumamosi ile walikutana katika darasa la shule ya msingi, watu wazima wamebanana kwenye madawati ya watoto, wakataka kuishtaki Wizara. Kaka akasimama, akawaambia kiwango kilikuwa arobaini na mbili, kwamba anayekiandika ni dada yake wa tumbo moja, kwamba amekwenda mwenyewe akaona, na kwamba mtu mzima haendi mahakamani na namba ya chaki. Wakanung'unika, wakamsikiliza. Kesi haikufunguliwa.

Haikufunguliwa mwaka ule wala uliofuata. Kila walipoanza upya, kaka aliwakatalia. Wenye hasira waligombana naye, wengine wakaacha kumsalimia. Jina la Katibu likafa polepole, akaanza kuitwa Arobaini na Mbili. "Arobaini na Mbili huyo anapita na baiskeli yake ya laki mbili." Aliitika. Alisema jina la kweli halimchomi mtu. Mimi nikisikia akiitwa hivyo nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Miaka ishirini na miwili ikapita hivyo. Katika miaka hiyo fedha yetu iliendelea kuporomoka mpaka serikali ikaifutia sufuri tatu: elfu moja ya zamani ikawa moja mpya. Niliandika siku hiyo pia, kwa mwandiko mzuri, kisha baada ya miaka michache nikastaafu. Mume wangu akafariki. Nikabaki na pensheni, chumba na sebule, na koti jeusi la marehemu ambalo sikuweza kumpa mtu.

Halafu wale wazee, waliobaki hai, wakampata wakili. Binti mdogo, baba yake alikuwa mmoja wa watu wa kiwandani na alikufa bila mashine wala kibanda. Binti huyu alifungua kesi bila kumwambia kaka. Alikuwa na nakala ya ukurasa wangu, na kwenye nakala ile aliona mistari tisa inayofanana kama mapacha, kisha namba inaruka hadi mia moja thelathini na moja. Alisema fedha haiwezi kulala siku tisa halafu ikaamka inakimbia. Wizara ikajibu kwamba kitabu ni kitabu. Na ili kuimaliza kesi mapema, mawakili wa Wizara wakamtafuta shahidi ambaye hakuna mzee angeweza kumkana: katibu wao wenyewe.

Kaka alikuja kwangu Jumanne mchana, amekata nywele, yuko na wifi. Sijawahi kumwona amechangamka vile tangu arudi.

"Alhamisi nasimama mbele ya jaji," akasema. "Wameniita kwa barua, na muhuri. Sasa watanisikia. Miaka ishirini na miwili wananicheka, dada, sasa watanisikia nikiwa nimeapa."

"Amekuja kuazima koti la shemeji," akasema wifi. "Nimempimia la kwake, mikono imekwisha. Nimemwambia ashone jipya, anasema shahidi hapaswi kung'aa."

Nikatoa koti kabatini. Kaka akaingiza mkono wa kulia, akanyoosha kifua mbele ya kioo cha ukutani. Nilimtazama mgongoni, kisogo chote kimekuwa cheupe, na nikaona Alhamisi: ataweka mkono juu, ataapa, atasema uongo wangu kwa kinywa chake safi, mbele ya watu alioishi nao chini ya moto wa tanuri miaka kumi na minane. Kwanza niliwaza kunyamaza. Sikuficha hapo juu, sifichi hapa. Niliwaza pensheni. Kisha akaanza kuingiza mkono wa kushoto, na mdomo wangu ukatangulia.

"Kaka, usiende."

"Kwa nini nisiende?"

"Haikuwa arobaini na mbili."

Mkono wa kushoto ukabaki nusu ndani ya koti. Wifi akaweka chini kikombe chake.

Nilimweleza yote. Simu, siku tisa, nukta, raba. Nilieleza haraka haraka, kama mtu anayetapika, na yeye hakunikatiza. Nilipomaliza aliutoa mkono wa kushoto, akautoa na wa kulia, akalikunja koti mara mbili, akaliweka juu ya kiti. Kisha ndipo akaniuliza.

"Siku ile ya sita ulipita njia ya maduka?"

"Nilipita."

"Ubao uliuona?"

"Niliuona."

"Uliandikwa ngapi?"

"Mia moja kumi na saba, kaka."

"Kwa hiyo wale wote walikuwa wanasema kweli." Hakuwa akiniuliza. "Yule mzee wa tanuri, niliyemfukuza nyumbani kwangu. Alisema kweli."

"Kaka, niliogopa."

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuonyesha kwamba kitabu nimekiona, nikakuuliza wewe. Si nilikuuliza?"

"Uliniuliza."

Akatafuta kofia yake, na ilikuwa kichwani. Wifi ndiye aliyenigeukia mlangoni, macho makavu. "Mimi niliwarudishia wateja vitambaa vyao," akasema. "Wengine hawakurudi tena." Wakaondoka. Koti likabaki kwenye kiti.

Hakwenda upande wa Wizara. Siku hiyo hiyo alikwenda kwa yule binti wakili na kumwambia maneno matatu, binti mwenyewe aliniambia baadaye: "Mwiteni dada yangu."

Nikasimama mahakamani Alhamisi hiyo, ndani ya kizimba kilichokuwa kinanuka rangi mpya. Wazee walijaza mabenchi yote, wengine wamesimama. Kaka alikaa nyuma kabisa, na kati yake na mtu wa karibu palibaki nafasi ya kukaa watu wawili. Nilisema niliyomwambia sebuleni. Wakili wa Wizara akainuka, kijana mwenye sauti ya kubembeleza.

"Mama, sahihi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ulilazimishwa kuitia?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ama ulidanganya wakati ule ama unadanganya leo. Mahakama ishike lipi?"

Jaji, mama wa makamo mwenye miwani jozi mbili, moja machoni na nyingine kifuani, akaagiza kitabu chenyewe kiletwe. Sikuwa nimekiona kwa miaka mingi. Jalada la kijani lilikuwa limepauka. Jaji alikiinua kuelekea dirishani, akapitisha ncha ya kidole pembeni mwa mistari, mmoja mmoja, na nilimwona akihesabu kimya. Karatasi ilikuwa imekwanguliwa ikawa nyembamba mahali tisa. Nikamshukuru Mungu kwa raba ya bei rahisi. Benki nayo ikaamriwa ilete karatasi zake za siku zile, na siku ya sita ilikuwa pale, imepigwa kwa taipureta: mia moja kumi na saba. Ubao wa chaki haukuwa umekosea hata sumuni.

Hukumu ilisomwa baada ya miezi miwili. Jaji alisema madai ni ya kweli. Wazee wakashikana mikono, mmoja akaanza kulia. Jaji akawaomba watulie, hajamaliza. Kila mdai atalipwa tofauti: sabini na tano kwa kila moja ya jirani. Kwa fungu la kaka, na wengi walikuwa na fungu kama lake, ni laki nne na nusu. Kisha akavaa ile miwani ya pili. Akasema mahakama haiwezi kuwapa riba, wala kulinganisha thamani ya wakati ule na ya leo, kwa sababu wadai walikaa miaka ishirini na miwili bila kudai, na walikaa kwa hiari yao, kwa ushauri wa katibu wao. Laki nne na nusu ya fedha ya zamani. Baada ya kufuta sufuri tatu, mia nne na hamsini za leo.

Kwa wasiojua bei za mwaka ule: mkate ulikuwa mia tatu.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilitegemea kelele, nilizitaka. Wazee waliinuka wakatoka taratibu, wakipita mbele ya benchi la nyuma. Yule mzee wa tanuri alisimama mbele ya kaka, akamgusa goti kwa fimbo yake, akaenda. Nadhani ndiyo ilikuwa salamu. Hakumwita Arobaini na Mbili. Hakumwita kitu.

Nami nikangoja barua ya Idara, ya kunikatia pensheni. Nilijiandaa kwa hilo, nilitaka hata mimi nidaiwe kitu. Mwezi ukaisha, pensheni ikaingia. Nikaenda mwenyewe ofisini, nikapanda zile ngazi, nikawauliza. Kijana mmoja, ambaye sasa anapata viwango vyote kwenye kompyuta bila kungoja mtu ampigie, aliniambia suala ni la zamani mno na aliyehusika alishastaafu. Nikamwambia aliyehusika ni mimi. Akasema pole, Mama, akanitafutia kiti.

Miezi mitatu kaka hakuja wala hakutuma mtu. Siku moja nikakaa mezani, nikachukua karatasi nzuri, isiyo na mistari, nikapiga mistari mwenyewe kwa rula. Nikaandika tarehe zile tisa, na mbele ya kila tarehe kiwango chake cha kweli. Nilikuwa nimevinakili mahakamani. Nikaandika kwa mwandiko wangu wote, kila namba na uzito wake, nikatia sahihi chini. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Fedha angenitupia.

Nilimkuta nje ya nyumba, chini ya yale mabati ishirini, ameigeuza baiskeli juu chini, anapaka mnyororo mafuta. Ni baiskeli ile ile. Wifi alikuwa ndani, cherehani inanguruma. Alichungulia, akanitazama, akairudia kazi yake. Sikukaribishwa wala sikufukuzwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

Nikampa karatasi. Alijifuta mikono kwenye suruali, akatoa miwani, akasoma. Alisoma kama alivyokuwa akisoma kila kitu, kidole kinashuka mstari kwa mstari. Kwenye wa sita kidole kilisimama. Nilisikia cherehani ikinyamaza ndani.

"Mwandiko wako bado mzuri," akasema.

"Nimekuandikia za kweli, kaka. Zote tisa. Ukitaka kuwaonyesha wenzako."

Alitikisa kichwa akikubali, akasoma tena kutoka juu mpaka kwenye sahihi. Kisha akaigeuza karatasi, akapitisha kidole gumba pembeni, upande mmoja na wa pili, anapapasa.

"Na hizi," akaniuliza kwa upole kabisa, "umeambiwa na nani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Alinirudishia karatasi, akainama tena kwenye mnyororo.